Kifua Changu kwa Jina la Getruda

Picha ya kwanza ya kifua changu ina jina la mwanamke mwingine, na mwanamke huyo alilipwa fidia kwa picha hiyo. Mimi niliyekohoa nikaandikiwa barua kwamba sina ushahidi. Naanzia hapo kwa sababu najua saa hii kuna mwenzangu ameketi kwenye benchi la hospitali fulani, kadi ya bima ya shoga yake iko mkononi, anasubiri kuitwa jina lisilo lake. Kabla hujaitika, soma yaliyonipata.

Naitwa Mwanahawa. Mtaani wananiita Mama Salima. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usitegemee nikueleze mapafu yanafanyaje kazi. Nitakueleza nilivyoumwa na walionifanyia, na majina nitayataja. Anayeona nimemwonea aje nyumbani, mkeka upo.

Miaka tisa nilifanya kazi kwenye mashine ya kusaga kokoto nje kidogo ya Mikumi, ukiiacha barabara kuu iendayo Iringa. Nilikuwa nafagia chini ya mkanda unaopandisha mawe. Vumbi lile ni jeupe, laini kuliko unga wa sembe, na halina harufu, ndiyo maana mtu haliogopi. Jioni tulirudi nyumbani na kope nyeupe. Barakoa zilikuwepo, sikatai. Zilikaa kabatini kwa Filbert, msimamizi wetu, zikatolewa siku za wageni. Wageni wakishaondoka anapita na boksi: "Rudisheni, rudisheni, hizi si za kuchezea." Filbert nimemzidi miaka kumi na miwili na hakuwahi kuniamkia hata siku moja.

Getruda alikuwa getini. Yeye aliajiriwa kwa mkataba, anaandika namba za malori yanayotoka na mzigo, ana kiti na mwavuli. Mimi kibarua, kibarua wa miaka tisa, jina kwenye daftari la mahudhurio tu. Nilikionea wivu kile kiti kabla sijakionea kitu kingine chochote cha Getruda. Hata hivyo tulikuwa mashoga. Watu walituita mapacha kwa sababu ya weusi wetu na urefu wetu, na mchana tulikula sahani moja. Yeye Mkristo, mimi Muislamu, Ramadhani alinivumilia, Kwaresima nikamvumilia.

Kikohozi kilinianza masika. Nikasema ni mvua. Mvua zikaisha, kikohozi kikabaki. Bangili za mkono wa kushoto zikaanza kunidondoka nikifua, kanga iliyokuwa inanizunguka mara moja na nusu ikawa inanizunguka mara mbili. Usiku nililoa jasho mpaka godoro. Mume wangu, Baba Salima, alinitengea kikombe. Nilikikuta tu kimewekwa peke yake dirishani, cha bati, chenye kipini kilichovunjika. Kuumwa sikulia, lakini kwa kile kikombe nililia.

Zahanati walinipa dawa za kikohozi mara mbili. Mara ya tatu, masika mengine yakikaribia, wakaniambia nipande Kilosa nikapige picha. Picha ni hela, kumwona daktari ni hela, na kibarua hana bima. Getruda ndiye aliyetoa kadi yake. Nasema kweli, mimi sikuomba.

"Chukua," akaniambia getini pale. "Funga kitambaa kichwani kama mimi kwenye hii picha. Wakikupa barakoa ndiyo kabisa, hakuna atakayekujua."

"Na wakiniuliza?"

"Wewe si mimi? Mume wangu anaitwa nani?"

"Baba Beni."

"Dini?"

"Mama Beni, nitashindwa."

"Hushindwi. Kama kumeza vumbi la bure unaweza, jina langu litakushinda?"

Tukacheka mpaka nikakohoa damu kwenye upindo wa kanga. Hapo yeye akaacha kucheka.

Filbert alijua. Nataka hili lieleweke. Ruhusa ya kwenda hospitali aliandika yeye, kwa jina langu, na kadi aliiona mkononi mwangu. Akasema, "Mnajua wenyewe," akaendelea kuchokonoa meno.

Kilosa niliketi benchi la ukutani na barakoa usoni tangu saa moja. Wanaokohoa huwekwa upande wao, karibu na mlango, wapate hewa. Nilijifunza sura za wenzangu kwa macho tu. Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji, amekuja na fimbo yake, kila akiitwa mtu anauliza, "Bado mimi?" Tukamwambia bado. Mchana akatugawia mahindi ya kuchemsha, akavunja hindi vipande sita kwa watu sita, na sisi ni watu wa kukohoa, wa kutengewa vikombe. Sitamsahau. Halafu dirishani wakaita, "Getruda!" Nikakaa. Wakaita tena. Mzee, aliyekuwa amenisikia nikiandikishwa, akanigusa kwa fimbo: "Mama, si ndiyo jina lako walilokuandika?" Nikasimama.

Daktari aliishika picha kwenye mwanga akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia kufagia vumbi la mawe. Akaandika. Kwa ulimi wangu nilijitaja kazi yangu, na kwa kalamu yake akaiandika chini ya jina la Getruda: ana kifua kikuu, na chini ya hicho kifua kikuu kuna makovu ya vumbi la mawe. Kifua kikuu kitapona kwa dawa, akasema. Vumbi halitoki.

Basi nikala dawa miezi sita. Kila asubuhi nilikwenda zahanati kumeza mbele ya nesi, Sista Tekla, msichana wa watu, mpole. Karatasi ya rufaa ilitoka Kilosa na jina la Getruda, na yeye ananijua kwa langu. Akaitazama, akanitazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama Salima, hapa pameandikwa mtu mwingine."

"Mwanangu, nipe nimeze. Nikifa utamwandika nani?"

Akanipa. Mwezi wa kwanza mkojo ulikuwa mwekundu kama juisi ya rozela, na njaa ilinishika hata nikawa naramba sufuria. Mwezi wa pili nikaweza kulala ubavu wa kulia. Mwezi wa nne wa dawa, mahindi yamekauka mashambani, nilitembea kutoka nyumbani mpaka zahanati bila kuketi njiani, na Sista Tekla akanipigia makofi peke yake pale mlangoni. Upande wa kifua kikuu nilipona. Pumzi ndiyo haikurudi yote. Mpaka leo kilima nakipanda kwa vituo, ndoo nabeba nusu.

Sasa ndipo uchungu wenyewe ulipoanza, maana ugonjwa nilishauzoea.

Vuli ile walikuja maofisa wa fidia kutufundisha kwamba mtu akiumizwa na kazi ana haki yake, awe wa mkataba au kibarua. Filbert akakusanya watu kujaza fomu. Mimi nikajaza yangu kwa dole gumba na sahihi ya kuchora. Nikamwuliza, "Na vyeti vyangu vya Kilosa je?" Akasema, "Nitaviunga." Akaviunga kweli. Aliviunga kwenye fomu ya Getruda, kwa sababu ndiyo jina lililokuwepo, na Getruda akatia sahihi.

Majibu yalikuja masika, barabara ya Kilosa imejaa maji. Barua yake ilisema dai limekubaliwa. Yangu ilisema hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba mwombaji anaumwa ugonjwa utokanao na kazi. Nilisomewa ile barua mara tatu na kijana wa steshenari. Nikamwambia soma tena pale penye "mwombaji". Akasoma. Nikakohoa. Nikamwambia, "Basi huyo ndiye mwombaji, umemsikia?"

Kama hujawahi kuona wivu wa aina hii, shukuru. Wivu wa mume unaisha mume akirudi. Huu haukuwa na mahali pa kwenda. Getruda aliacha kazi getini, akafungua kibanda cha supu na chapati pale Mikumi malori yanapolala, akaezeka bati jipya. Sawa, bati ni bati. Kilichonikata maini ni kwaya. Getruda anaimba sauti ya kwanza. Jumapili nikiwa nimeegemea ukuta natafuta pumzi, upepo unaniletea sauti yake kutoka kanisani, inapanda, inakaa kule juu, haishuki. Nikasema, Mola wangu, anaimba kwa mapafu yake na analipwa kwa yangu.

Na Baba Salima naye! Akawa anakunywa supu kule. Anarudi anajilamba: "Mwenzako mjanja."

"Mjanja au mwizi?"

"Wewe na yeye nani aliyetumia kadi ya mwenzake?"

Sikumpikia siku mbili. Akala supu.

Nilikwenda kibandani kwake mara moja tu. Madereva wawili walikuwa wanakula. Getruda aliponiona akafuta kiti kwa aproni.

"Karibu shoga. Supu?"

"Sikuja kula mapafu yangu."

Dereva mmoja akasukuma bakuli mbele.

"Mama Salima, punguza sauti," akasema Getruda.

"Sina sauti ya kupunguza. Ninayo hii tu. Uliweka sahihi kwenye kifua changu."

"Filbert aliniletea karatasi zina jina langu. Ningesema nini? Niseme nilikupa kadi? Tufungwe wote?" Akanisogelea. "Kadi ile ndiyo iliyokutoa kaburini, umesahau. Leo unakunja ngumi kwa mkono uliorudishiwa nyama na jina langu."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonizidishia hasira. Nikamwambia nakata rufaa, na nitasema yote.

"Sema," akanijibu. "Tutaona nani ataaminiwa, mwenye cheti au mwenye mdomo."

Kijana wa steshenari akaniandikia barua ya rufaa. Alitaka kupunguza, aseme "kulikuwa na mkanganyiko wa majina". Nikamwambia futa. Andika: nilitumia kadi ya Getruda, najua ni kosa, lakini kifua ni changu. Ofisa aliyeipokea, mama mmoja mstaarabu, aliniketisha akaniuliza kama naelewa kwamba najishtaki mwenyewe. Nikamwambia naelewa. Nilichokuwa natafuta ni mtu mwenye mhuri aandike kwamba mimi, Mwanahawa, niliumwa. Nikifa hivi hivi, karatasi zote za dunia zinasema nilikuwa mzima, nilikuwa mvivu tu. Mpaka mume wangu alishaanza kusema hivyo.

Nikamfuata Sista Tekla. Nilimkuta anahesabu vidonge. Nilimweleza, akaacha kuhesabu.

"Wataniuliza kwa nini nilikupa dawa kwa jina la mtu."

"Watakuuliza."

"Naweza kuhamishwa."

"Unaweza, mwanangu."

Akafunika chupa. "Nilikuona ukimeza asubuhi kwa asubuhi miezi sita, mama. Nitaandika nilichokiona."

Kiangazi tukaitwa Kilosa kusikilizwa. Chumba kilikuwa na meza ndefu, madaktari wawili na mwanasheria mmoja. Mimi nilikaa huku, Getruda kule, Filbert katikati na shati lake la kunyooshwa. Akasema yeye hajui kitu, yeye aliunga karatasi kwa majina. Wakamwonyesha ruhusa aliyoandika kwa mkono wake, kwamba Mwanahawa ameruhusiwa kwenda Kilosa kupiga picha ya kifua, tarehe ile ile ya picha ya Getruda. Akaitazama kama imeandikwa Kichina. Mwanasheria akamwuliza, "Siku hiyo getini nani aliandika malori?" Wakafungua daftari la geti. Mwandiko wa Getruda umejaa ukurasa mzima, asubuhi mpaka jioni.

Getruda akainamisha kichwa. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi mpaka nikaona haya.

Lakini daktari mkubwa, mzee wa miwani, akasema daftari la geti ni la malori, yeye anataka mwili. Wiki ile walikuwa wamenipiga picha mpya. Akazibandika mbili dirishani, ya zamani na mpya, akazitazama mpaka nikadhani amesinzia.

"Mama, uliwahi kuvunjika hapa?" Akagusa mfupa ulio chini ya shingo yake mwenyewe.

"Nilianguka na mkungu wa ndizi kule Vidunda kwa bibi, nikiwa msichana. Waliniganga kwa vijiti."

"Walikuganga vibaya."

Akatuita tusogee. Kwenye picha ya zamani, yenye jina la Getruda, mfupa ule umepinda kama mpini wa jembe bovu. Kwenye mpya, yenye jina langu, vilevile, palepale. Daktari akamwomba Getruda aguse wake. Umenyooka kama rula.

Hapo Getruda akalia. "Nilitaka kusema," akawa anasema. "Nilitaka kusema." Mwanasheria akaandika. Daktari yeye alikuwa anamtazama Getruda akilia, akamwuliza jambo ambalo sikulielewa wakati ule:

"Huwa unakohoa hivyo ukilia?"

"Nina mafua tu."

"Getini ulikaa miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Akampa karatasi aende akapige picha yake mwenyewe, siku hiyo hiyo.

Barua zetu zilitoka vuli, mvua za kwanza. Mimi rufaa yangu imekubaliwa. Nilimpa kijana wa steshenari aisome, nikamsimamisha pale palipoandikwa jina langu na ugonjwa wangu kwenye mstari mmoja. Nikamwambia anionyeshe kwa kidole. Nilipewa vilevile onyo la maandishi kwa habari ya kadi, nalo nimelitunza, lina jina langu pia. Baba Salima alikwenda kukitupa kile kikombe cha bati bila kuambiwa. Sikumshukuru. Sista Tekla aliulizwa, akaandika maelezo, akaachwa kazini. Filbert yupo palepale kwenye mashine, ila sasa barakoa zinagawiwa, na nasikia anaamkia watu.

Na Getruda. Nilingoja kusikia ya Getruda kama mtu anavyongoja harusi. Atafukuzwa kwenye malipo, nilisema, atarudisha, bati litang'olewa. Malipo ya picha yangu yalisimamishwa kweli. Lakini picha yake mwenyewe ilionyesha vumbi. Geti lile liko upande upepo unakoelekea, na malori yanapita yakimpepetea usoni miaka kumi na mmoja, na mwavuli ni wa jua. Lake ni changa kuliko langu, lakini lipo, na lenyewe halitoki. Wamemfungulia dai jipya, kwa kifua chake.

Nilipoambiwa niliketi chini. Mtu mwema angemlilia shoga yake. Mimi nilikasirika. Nilitaka awe mzima ili awe mwizi. Muda wote huo nilijenga uzima wake kichwani, tofali juu ya tofali, nikaupaka na rangi, na kumbe alikuwa anaimba huku vumbi linamla. Hata ugonjwa, nikasema, hata huu nilioudai kwa machozi, hakuniachia peke yangu.

Mwezi uliopita alinijia. Alisimama uani akitweta, kwa kilima kidogo kile. Ameacha kwaya. Hatukusalimiana vizuri.

"Usiku unalalaje?" akaniuliza.

Ningeweza kumwambia akamwulize daktari wake. Nikamwambia alale nusu ameketi, aegemee gunia la pumba za mpunga, mto wa sponji unabonyea. Asipike kwa kuni. Asifagie bila kunyunyiza maji. Akashukuru, akaondoka kwa vituo, nikamhesabia vituo vyake, vitatu mpaka kwenye mkorosho. Mimi kwa pale ni viwili.

Kuna jambo moja sikumwambia. Sista Tekla alinifundisha mwezi wa tatu wa dawa, nalo limenisaidia kuliko mengine yote, na siku ile lilinijia mdomoni nikalimeza. Nililionea choyo. Lilikuwa langu peke yangu.

Naliandikisha hapa, kwa mkono wa kijana wa steshenari, kwa ajili yako wewe mgonjwa usiyenijua. Ukibanwa, usihangaike kuvuta hewa. Mtu akibanwa hukimbilia kuvuta, na huko ndiko kunakomwua kwa hofu. Toa kwanza. Kaa, weka viwiko magotini, chongoa midomo, puliza polepole kama unapoza uji wa mtoto, mpaka iishe yote. Ya kuingia itakuja yenyewe. Fanya hivyo mara kumi.

Na Getruda ana darasa la saba. Akiletewa hii, atasoma.